Jicho la Mtoto Lilipona Lenyewe, Sifa Zikaenda kwa Chai

Mbebe mtoto wa wiki tatu ambaye jicho lake moja linatiririka machozi, tembea naye barabara ya Raskazone kuelekea Bombo, halafu hesabu. Kabla hujafika getini utakuwa umeshapewa ushauri zaidi ya mara moja. Wa kwanza atakwambia huo ni upepo wa bahari. Wa pili, mama mtu mzima, atakuita mwanangu na kukuelekeza umkamulie ziwa. Wa tatu ataona kijicho, atataka mtoto apakwe wanja. Wa nne, muuza duka la dawa, atatoa tyubu ya tetrasaiklini hata kabla hajamtazama mtoto usoni. Na wote wanne watafunga kwa sentensi ile ile: "Wangu alikuwa hivyo hivyo, nikafanya hivi, akapona."

Hiyo sentensi ndiyo tunayoihakiki leo. Kwenye kona hii tumezoea kuhakiki vitabu na habari za sayansi za magazetini, ila ushauri unaopita mdomo kwa mdomo unasomwa na watu wengi kuliko kitabu chochote, na haujawahi kupata mhakiki. Tukubaliane mapema kitu kimoja: wanaoutoa hawasemi uongo. Watoto wao walipona kweli. Swali ni nani aliyewaponya.

Bomba lenyewe likoje

Machozi hayaji tu wakati wa kulia. Jicho linalowanishwa muda wote na tezi iliyo juu yake, upande wa nje. Machozi yakishaosha jicho yanahitaji pa kutokea. Ukivuta kidogo kope ya chini mbele ya kioo, karibu na pua, utaona kitundu kidogo kama cha ncha ya sindano. Kope ya juu nayo ina cha kwake. Machozi yanaingia humo, yanakusanyika kwenye kifuko kilicho kati ya kona ya jicho na mfupa wa pua, kisha yanashuka kwa mrija mwembamba hadi ndani ya pua. Ndiyo maana mtu akilia anapenga makamasi, na ndiyo maana ukiwekewa dawa ya matone machoni, baada ya dakika mbili unasikia uchungu kooni.

Mtoto akiwa tumboni, mrija huu unaanza kama uzi usio na tundu, halafu unatoboka taratibu. Sehemu inayochelewa kufunguka ni ya chini kabisa, pale unapoingia puani. Watoto wengi wanazaliwa hapo pakiwa bado pana kiutando. Kwa wengine kinapasuka siku za mwanzo bila mtu kujua. Kwa wengine kinabaki wiki, miezi, mara chache zaidi ya mwaka.

Sasa fikiria sinki lililoziba. Maji yanafurika juu: hayo ndiyo machozi yanayoshuka shavuni mtoto akiwa ametulia, hana anachokililia. Maji yaliyobaki yanatuama, na yaliyotuama huota vijidudu: hayo ndiyo matongo, hasa asubuhi, kope zikiwa zimegandana. Lakini tazama jambo moja ambalo wengi hawaliangalii. Weupe wa jicho unabaki mweupe. Kope hazijavimba. Mtoto ananyonya na kucheza kama kawaida. Tatizo halipo kwenye jicho, lipo kwenye mfereji wa kutolea maji. Ukilishika hilo, nusu ya ushauri wa mtaani utaupima mwenyewe.

Hesabu ya mashuhuda

Mwaka 1991 watafiti wawili wa Uskoti, MacEwen na Young, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto 4,792 katika mwaka wao wa kwanza. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na dalili za mrija kuziba. Kwa hiyo si ugonjwa wa ajabu, na si aibu ya mama yeyote. Muhimu zaidi, kati ya waliokuwa na dalili, asilimia 96 zilikwisha zenyewe kabla ya mtoto kutimiza mwaka.

Chukua namba hiyo tufanye nayo hesabu ya kitoto. Tuseme Tanga mjini kuna watoto 100 wenye jicho la namna hii. Tuwagawe mafungu manne ya watoto 25. Fungu la kwanza linakamuliwa ziwa. La pili linaoshwa kwa chai ya rangi. La tatu linapakwa tetrasaiklini. La nne halifanyiwi chochote. Mwaka ukiisha, hata kama hakuna dawa hata moja iliyofanya kazi, watapona 24 katika kila fungu.

Umeona kilichotokea? Ziwa limepata mashuhuda 24. Chai imepata mashuhuda 24. Tyubu imepata mashuhuda 24. Wote wana ushahidi wa macho yao, wote wataapa, na wote watamwambia mama anayefuata. Wale 24 wa fungu la nne hawatasema kitu, kwa sababu hakuna anayesimulia habari ya kutofanya lolote. Na yule mmoja asiyepona katika kila fungu? Tutasikia mama yake hakufuata masharti, au alianza kwa kuchelewa, au alikamua ziwa la kushoto badala ya la kulia.

Huo ndio udhaifu wa "nikafanya hivi, akapona". Sentensi inakupa vitu viwili, kitendo na matokeo, ikakuficha cha tatu: ingekuwaje usingefanya? Bila cha tatu hakuna uhakiki, kuna bahati iliyovaa koti la daktari.

Usidhani hili ni kosa la akina bibi peke yao. Mwaka 2011 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania. Kituo cha Tanzania kilikuwa hapa hapa jirani, Hospitali Teule ya Muheza. Watoto zaidi ya 3,000 waliofikishwa hospitali wakiwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri mwilini waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wapewe dripu nyingi kwa haraka, kama vitabu vingi vilivyoelekeza, wengine wasipewe hiyo ya haraka. Ndani ya saa 48, katika mafungu ya dripu ya haraka walifariki karibu 11 katika kila 100. Katika fungu lisilopewa, walifariki kama 7. Madaktari walioiamini dripu hawakuwa wajinga. Walikuwa wamewaona watoto wakipata nafuu mbele yao. Walichokosa kwa miaka yote hiyo ni fungu la kulinganisha. Kama wasomi waliweza kudanganywa na macho yao kwenye jambo la kufa na kupona, sembuse sisi kwenye matongo.

Ziwa, chai, wanja na tyubu

Sasa tuwachukue mmoja mmoja, kwa haki.

Ziwa la mama lina utetezi. Lina kinga za mwili ndani yake, na mwaka 2021 watafiti wa Japani walilijaribu kwa watoto wasiozidi miezi sita wenye matongo, wakakuta halikuzidiwa na dawa ya matone waliyolilinganisha nayo. Vizuri. Lakini lililinganishwa na dawa nyingine, si na kutoweka kitu, kwa hiyo swali letu la cha tatu liko pale pale. Na hata likipunguza matongo, maziwa hayatoboi kiutando kilicho mwisho wa mrija. Hatari ya ziwa ni pale linapomtuliza mama huku jicho likiwa na ugonjwa mwingine kabisa. Tutaufikia.

Chai ya rangi, maji ya chumvi, majani yaliyosagwa, mate: hapa utetezi unaisha. Jicho la mtoto lilikuwa zima, tatizo likiwa kwenye mfereji, nawe unalipelekea vijidudu au kitu cha kuliunguza. Mwaka 1987 Allen Foster na Alfred Sommer waliandika kuhusu watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda kwenye kioo cha jicho. Zaidi ya theluthi moja vilihusiana na surua, na miongoni mwa visababishi vingine walivyovitaja zimo dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Kidonda hicho kikipona huacha kovu jeupe, na kovu likikaa katikati mtoto haoni. Yaani unaanza na jicho ambalo lingepona bila gharama, unamaliza na jicho lisiloona. Hakuna biashara mbaya kuliko hiyo.

Wanja wa mtoto pwani ni pambo, ni kinga dhidi ya kijicho, ni mapenzi ya bibi. Hatuji kukejeli. Ila wanja wa asili wa aina nyingine hutengenezwa kwa jiwe lenye madini ya risasi, na risasi ikiingia mwilini mwa mtoto, hata kidogo kidogo, hudhuru ubongo unaokua. Mtoto hujifuta jicho, kisha hulamba kidole. Kama bibi lazima aweke alama ya kumkinga mjukuu, basi aitafutie mahali mbali na jicho na mbali na mdomo, na isiwe ya wanja wa jiwe.

Tyubu ya tetrasaiklini ndiyo iliyotulia kwenye kiti cha sayansi, kwa hiyo ihakikiwe vikali zaidi. Inafanya kazi, lakini si kazi unayodhani. Inaua vijidudu vilivyoota kwenye maji yaliyotuama. Baada ya siku tatu nne matongo yanapungua, mama anafurahi. Tyubu inaisha, kiutando bado kipo, maji yanatuama tena, matongo yanarudi. Mama anasema ugonjwa umerudi, ananunua nyingine. Ugonjwa haukurudi, haukuwa umeondoka. Tumekutana na watoto waliopitia tyubu moja baada ya nyingine bila mtu yeyote kumwonyesha mama mrija uko wapi. Dawa ina mahali pake, pale matongo yanapokuwa mengi na mhudumu amemwona mtoto. Kuigawa kama pipi ni kupoteza pesa na kuvizoesha vijidudu dawa.

Na upepo wa bahari? Ungekuwa ndio sababu, Lushoto huko juu mlimani wasingekuwa na watoto wa namna hii. Upepo na baridi vinaweza kuongeza machozi, na kwenye sinki lililoziba maji yakiongezeka kufurika kunaonekana zaidi. Mzee wa upepo alisema robo ya ukweli. Tumpe robo yake.

"Subiri tu" nayo ina kasoro

Baada ya kusoma yote haya unaweza kuhitimisha: basi, tusifanye kitu, asilimia 96 watapona. Ngoja kwanza. Huu ndio ushauri unaotoka kwa watu waliosoma, na ni hatari kwa namna yake, maana unaweza kutamkwa bila mtoto kuangaliwa.

Namba ya Uskoti inawahusu watoto wenye mrija ulioziba. Haiwahusu watoto wote wenye matongo. Mtoto wa siku mbili hadi tano mwenye usaha mwingi na kope zilizovimba hasubirishwi. Huyo huenda ameambukizwa kisonono wakati wa kuzaliwa, na kisonono kinaweza kutoboa kioo cha jicho ndani ya siku chache. Klamidia huja baadaye kidogo, mara nyingi kati ya siku ya tano na ya 14, na inaweza kushuka hadi mapafuni. Hapa ziwa halisaidii na tyubu peke yake haitoshi. Mtoto anahitaji dawa za kuingia mwilini, na wazazi watibiwe pia. Jambo hili lilichukuliwa kwa uzito kiasi kwamba huko Kikuyu, Kenya, watoto zaidi ya 3,000 walihusishwa kwenye jaribio lililochapishwa mwaka 1995, likilinganisha dawa tatu za kuwakinga wanapozaliwa. Povidoni ayodini, ambayo ni ya bei nafuu, ndiyo iliyofanya vizuri zaidi. Linganisha namna walivyofikia jibu hilo na namna tunavyolifikia sisi kibarazani.

Yuko na mwingine. Mtoto anatoa machozi, lakini hana matongo. Mwanga anaukwepa, anafumba macho kwa nguvu mkimtoa nje. Jicho linaonekana kubwa, watu wanalisifia: mashallah, macho makubwa! Kioo chake kina ukungu. Hiyo yaweza kuwa presha ya macho ya kuzaliwa nayo. Inaharibu mshipa wa kuonea kimya kimya, na kila wiki ya kusubiri ina bei yake. Na ukiona weupe ndani ya mboni, kwa macho au kwenye picha ya simu, usiulize mtaani. Unaweza kuwa mtoto wa jicho, unaweza kuwa saratani ya jicho. Yote miwili inataka daktari wa macho haraka, na saratani inatishia uhai wenyewe.

Wa mwisho ni mtoto mwenye uvimbe kwenye kona ya jicho upande wa pua. Kama alizaliwa nao na una rangi ya samawati, kifuko kimefungwa juu na chini, na unaweza hata kumzibia pumzi puani. Kama umetokea baadaye, ni mwekundu, una moto na mtoto ana homa, kifuko kimeota jipu. Hospitali siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo "subiri" ni ushauri mzuri kwa mtoto aliyekwisha kuangaliwa. Kwa asiyeangaliwa ni kamari. Na ukumbuke tofauti ya mazingira. Mzazi wa Uskoti akiambiwa asubiri, kliniki iko karibu naye. Mama wa Mkinga au Pangani akiambiwa asubiri halafu mambo yakaharibika, kurudi ni nauli na siku nzima ya kazi. Mrija ni ule ule, bei ya kukosea si ile ile. Akiambiwa asubiri, aambiwe pia anasubiri nini, na aone nini ndipo arudi.

Kidole cha Crigler

Kuna jambo la kufanya wakati wa kusubiri, halina gharama, na ndilo linalosahaulika kuliko yote. Mwaka 1923 daktari Mmarekani aitwaye Crigler alieleza namna ya kukibonyeza kifuko cha machozi ili maji yaliyomo yasukumwe chini kwa nguvu na kukipasua kiutando. Mwaka 1982 Kushner alilinganisha watoto waliobonyezwa hivyo na waliosuguliwa ovyo ovyo na wasiofanyiwa kitu. Njia ya Crigler ilishinda. Fungu la kulinganisha lilikuwepo, kwa hiyo hapa tunaweza kusema kwa kujiamini.

Fanya hivi. Kata kucha, nawa mikono kwa sabuni. Futa matongo kwa pamba au kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, kila jicho na kipande chake. Weka ncha ya kidole kwenye kona ya jicho, pale kati ya jicho na pua, si juu ya jicho. Bonyeza kuelekea ndani, kisha teremsha kidole kufuata ubavu wa pua kwenda chini. Rudia mara tano hadi kumi, mara mbili hadi nne kwa siku, wakati wa kunyonyesha ikiwezekana. Usaha kidogo ukitoka usishtuke, kifuko kinamwaga. Kama hapo pamevimba, pekundu, panauma, usibonyeze. Nenda hospitali.

Kosa la kawaida ni kupapasa shavu kwa huruma. Huko si kubonyeza, ni kubembeleza. Mwombe muuguzi akuonyeshe kwa kidole chake, kisha ufanye wewe mbele yake.

Mwezi wa sita ukifika na bado machozi yanatoka, matumaini hayajaisha. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uliwafuata watoto wa miezi sita hadi chini ya kumi, na ndani ya miezi sita mingine asilimia 66 ya macho yalipona bila upasuaji. Mwaka ukipita bila nafuu, daktari bingwa wa macho anaweza kupitisha waya mwembamba kwenye mrija na kukitoboa kiutando, mtoto akiwa amelazwa usingizi. Katika utafiti mwingine wa huko, wa mwaka 2008, ilifanikiwa kwa takriban 78 kati ya 100. Kwa mkazi wa Tanga, njia inaanzia Bombo, na rufaa ikihitajika zipo KCMC Moshi, CCBRT na Muhimbili Dar es Salaam.

Hukumu yetu

Ushauri wa mtaani tunaupa alama kwa huruma: unamkuta mama pale alipo, unamwita mwanangu, haumwachi peke yake. Kwenye ushahidi umefeli. Ushauri wa dukani una dawa halisi kwa tatizo lisilo lake. Ushauri wa "subiri tu" una namba sahihi, ila mara nyingi hauna macho ya kumtazama mtoto. Na kidole cha Crigler, chenye ushahidi na kisicho na bei, hakina wa kukitangaza, kwa sababu hakiuziki.

Nafasi ya kurekebisha ipo tayari. Kila mtoto anapelekwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, halafu miezi tisa. Hizo ni mara nne ambazo mhudumu na mtoto wanatazamana uso kwa uso. Dakika moja inatosha: weupe wa jicho ni mweupe? Kioo kinang'aa? Mboni ni nyeusi? Mwanga anaukwepa? Kona imevimba? Majibu yakiwa mazuri, mama afundishwe kubonyeza na aambiwe arudi lini. Kama mhudumu hakuuliza, muulize wewe. Na siku jicho likikauka, ukaulizwa ulitumia nini, tafadhali usiipe chai sifa. Sema ukweli: niliangaliwa mtoto, nikabonyeza, nikasubiri, mrija ukafunguka.